Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu Fupi Kuhusu Mimba Isiyotarajiwa, Ukiwa Kigoma

Filamu zetu nyingi zinazogusa mimba huanza kwa mwanamke anayekimbilia uani kutapika, na mtazamaji huwa ameshaijua habari yote kabla mume hajavua viatu mlangoni. Baada ya hapo hakuna kinachobaki isipokuwa kelele. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye simu nzuri au kamera ndogo, wenzake wanne au watano, na hadithi ya dakika kumi hadi kumi na tano anayotaka kuitengenezea hapa Kigoma. Msimamo wangu ni mmoja, nao utaonekana katika kila hatua: filamu ya namna hii inahusu safari ya habari zaidi kuliko inavyohusu tumbo, yaani nani ameshajua, nani bado hajajua, na kila mmoja anafanya nini na anachokijua.

Hatua ya kwanza: chagua wanandoa ambao mimba itawashangaza kweli

Wazo la kwanza linalomjia kila mwandishi ni kijana na binti ambao hawajaoana, baba mkali, na barua ya posa inayoandikwa kwa haraka. Hadithi hiyo haina ubaya, ila imepitiwa mno. Kama binti huyo ni mwanafunzi, ujue kwamba umeshahama kwenye hadithi ya wapenzi na kuingia kwenye hadithi ya jinai, kwa sababu kumpa mwanafunzi mimba ni kosa kubwa kisheria, na filamu yako haitaweza kuyazungumza mambo mengine yoyote kabla ya hilo.

Mimi ningechagua mume na mke waliokwisha kuoana, wakazi wa Kibirizi, ufuoni mwa ziwa hapa Kigoma, wenye mtoto wa miezi tisa ambaye bado ananyonya. Hapo mimba inaleta aibu ambayo haihitaji mtu wa nje wa kuwapigia kelele, kwa kuwa majirani watasema wamembemenda mtoto, yaani wamemdhoofisha kwa kushika mimba nyingine kabla hajaacha ziwa, na wao wenyewe wanajua kwamba yatasemwa. Neno hilo moja lina nguvu kuliko kofi la baba mkwe.

Kisha tafuta sababu inayotoka mahali penyewe. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa dagaa ambaye usiku wake wa kazi huwa majini, na ambaye kwa kawaida hulala nyumbani siku za mbalamwezi tu, alijikuta yupo nyumbani kila usiku, bila kipato na bila shughuli. Sihitaji kueleza zaidi. Ukiifungua hadithi mwezi Oktoba mwaka huohuo, maboti yakiwa yamerudi majini na madeni ya miezi mitatu yakiwa hayajalipwa, utakuwa umepata sababu ya mimba, sababu ya hofu na sababu ya mume kutokuwapo usiku, vyote katika tukio moja ambalo kila mtazamaji wa mwaloni, yaani pale ufuoni maboti yanaposhushia samaki, analikumbuka.

Lugha nayo itakusaidia bila kuombwa. Ziwa ni lile la maji na ni lile la mama, na wavuvi wa mwaka ule waliachishwa ziwa kama anavyoachishwa mtoto. Jina la muda la filamu hii ya mfano ni *Ziwa*, na nitaitumia hadi mwisho wa mwongozo.

Hatua ya pili: upate ukweli wa mwili kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza

Kosa la kitabibu humtoa mtazamaji wa kike kwenye filamu papo hapo, na hatarudi. Wanawake wengi huamini kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Ukweli ni kwamba kunyonyesha hukinga pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na mama awe bado hajaona siku zake tangu ajifungue. Mama wa hadithi yetu alikwisha kuanza kumpa mtoto uji, na mtoto alikwisha kupita miezi sita; kinga ilikuwa imeondoka bila yeye kujua. Zaidi ya hapo, yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi, hivyo anaweza kushika mimba bila kuziona siku zake hata mara moja. Kwa mwandishi hiyo ni dhahabu, maana ile ishara ambayo filamu zote huitegemea, ya siku zilizopita, hapa haipo kabisa.

Ishara zitakazobaki ni ndogo na ndizo zinazofaa kamera: harufu ya dagaa wabichi, ambayo amekua nayo, inaanza kumchefua, maziwa yanapungua na mtoto analia akiwa kifuani, usingizi unamshika mchana. Kwa kuwa umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na yeye hana siku hiyo, muuguzi hataweza kumhesabia wiki zake kwa njia ya kawaida na atamshauri akapige picha ya ultrasaundi. Mwambie pia mwigizaji wako kwamba mwanamke wa wiki ya kumi hana tumbo la kushikwashikwa. Mkono juu ya kitovu katika mwezi wa pili ni alama ya uigizaji wa haraka, na mimi huukata kila ninapouona.

Kuhusu kumbemenda mtoto, filamu iwaache watu waseme kama wanavyosema, lakini isithibitishe kwamba mimba mpya ndiyo inayomdhoofisha mtoto kwa namna ya ajabu. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa mjamzito. Kinachomtishia mtoto ni maziwa kupungua bila chakula kingine cha kutosha kuchukua nafasi yake. Muuguzi anaweza kulisema hilo kwa sentensi moja huku akitazama mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto, bila kugeuza onyesho kuwa somo la kliniki.

Suala la kutoa mimba litajitokeza kwenye skripti yako hata usipolialika, kwa sababu wahusika wa kweli wangelifikiria. Nchini Tanzania ni kosa la jinai chini ya vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu, isipokuwa inapobidi kuokoa maisha ya mama. Usilifiche wazo hilo, wala usionyeshe njia. Rafiki anayesema kwa sauti ya chini, "Yupo mtu Ujiji," kisha akanyamaza kwa sababu mtoto ameamka, ametosha kabisa.

Hatua ya tatu: chora jedwali la siri

Hii ndiyo hatua ninayoiomba usiiruke. Chukua karatasi, uandike majina ya wahusika wote kwa kushuka chini, na maonyesho yote kwa kwenda kulia. Katika kila kisanduku andika neno moja tu: hajui, anashuku, anajua, au anajua na anajifanya hajui. Filamu ya dakika kumi na mbili hubeba maonyesho nane au tisa. Katika *Ziwa* yapo manane, na wahusika wakuu ni wanne: mke, mume, mama mkwe na muuguzi.

Jedwali langu linasomeka hivi. Mama mkwe anashuku katika onyesho la kwanza, kabla ya mke mwenyewe. Mke anashuku katika la pili, na anapima katika la tatu. Muuguzi anajua katika la nne. Katika la tano mume anarudi alfajiri na pesa ya kwanza ya maana tangu ziwa lifunguliwe, na mke anaahirisha kumwambia. Katika la sita mume anaelezwa na mtu asiyestahili kumweleza, yaani mwenzake wa botini aliyesikia kwa mkewe, na kuanzia hapo hadi la nane anajua na anajifanya hajui, akingoja aambiwe. Kisanduku hicho cha mwisho ndicho filamu yenyewe. Watu wawili wamelala kwenye kitanda kimoja, wote wanajua, na kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake.

Ukikuta safu nzima ya onyesho haina kisanduku kilichobadilika, onyesho hilo halifanyi kazi na lazima liondoke, hata kama mandhari yake ni mazuri. Nilikuwa na onyesho la stesheni ya reli nililolipenda sana. Halikubadilisha kisanduku chochote, nikaliacha.

Hatua ya nne: andika mazungumzo yanayopita pembeni

Kwa makadirio ya kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa kumi na mbili zinakutosha. Wahusika waitane kama watu wanavyoitana: mume na mke wenye mtoto anayeitwa Zawadi hawatatajana majina kila sentensi, ila watakuwa baba Zawadi na mama Zawadi, na mkwe atamwita mama mzaa chema wake "mama" hata anapomkasirikia. Kiswahili cha mwaloni kiwe cha mwaloni. Usimlazimishe mwigizaji wa Kigoma kuongea kama kijana wa Kariakoo.

Hili ndilo onyesho la kwanza, kama lilivyo kwenye skripti yangu:

*NJE. VICHANJA VYA DAGAA, KIBIRIZI. ASUBUHI.*

*Mama Zawadi anatandaza dagaa kwa viganja, mtoto mgongoni. Mama mkwe anachambua takataka upande wa pili wa kichanja. Mtoto analia. Mama Zawadi anamzungusha mbele na kumpa titi. Mtoto anavuta mara mbili, anageuza uso, analia tena.*

*MAMA MKWE: Tangu lini anakataa?*

*MAMA ZAWADI: Meno hayo, mama. Yanamsumbua.*

*MAMA MKWE: Ya juu au ya chini?*

*Mama Zawadi hajibu. Anamrudisha mtoto mgongoni.*

*MAMA MKWE: Ziwa likifungwa, hata mtoto anajua.*

*Anaendelea kuchambua.*

Tazama kwamba neno mimba halijatamkwa. Mtazamaji wa mjini atadhani mama mkwe anazungumzia uvuvi, na mtazamaji mwanamke atakuwa ameshaelewa, na wote wawili watakuwa wamekaa kwenye kiti kimoja wakijua vitu tofauti, jambo ambalo ndilo tunalolitafuta. Neno lenyewe lisikike mara moja tu katika filamu nzima, na lisemwe na mtu wa kazi, yaani muuguzi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Onyesho la kliniki lina mgogoro uliokwisha kuandaliwa. Mjamzito anapoanza kliniki hutakiwa aende na mwenzake ili wapimwe na kushauriwa pamoja, na asiyekuja naye mara nyingi huombwa barua ya serikali ya mtaa kueleza kwa nini. Swali dogo la muuguzi, "Mwenzio yuko wapi?", linamweka mama Zawadi kwenye njia panda: akamwambie mume, au akamwambie mwenyekiti wa mtaa, ambaye mke wake huuza vitenge mwaloni.

Hatua ya tano: vibali

Sitakaa sana hapa. Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Unahitaji kibali kabla ya kupiga picha, na filamu iliyokamilika hupelekwa kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, atakuelekeza. Mwaloni, nenda kwa uongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, na kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Kigoma ni mkoa wa mpakani, kwa hiyo bandari na maeneo ya ulinzi usiyaelekezee lenzi bila ruhusa ya maandishi, na droni ina taratibu zake za kibali ambazo kwa filamu kama hii hazina thamani ya usumbufu wake.

Zahanati inayohudumia wagonjwa usiiombe kwa kupigia picha. Tafuta chumba chenye dirisha, meza, mzani wa mtoto wa kuninginia na bango moja la ukutani. Faragha ya wajawazito waliokaa kwenye benchi ni kubwa kuliko mandhari yako.

Hatua ya sita: waigizaji, na mtoto

Kwenye usaili usimpe mwigizaji maneno ya kusema. Mpe sufuria ya dagaa achambue huku ukimwuliza habari za nyumbani kwao, umtazame kama mikono inaendelea kufanya kazi anapofikia jambo linalomuuma. Yule ambaye mikono yake inapunguza mwendo bila kusimama ndiye mama Zawadi wako.

Mtoto ndiye mwigizaji mgumu kuliko wote. Awe mtoto wa mama aliyepo hapohapo, na onyesho la kunyonya lifanywe na mama huyo mwenyewe kwa picha ya karibu isiyoonyesha uso wake, ikiwa ameridhia bila kushurutishwa. Usimlize mtoto kwa ajili ya kamera. Rekodi sauti ya kilio siku atakayolia mwenyewe, uiunganishe baadaye na picha ya kisogo chake. Katika picha za mbali weka mwanasesere mgongoni, amefungwa kwa kitenge kilekile, na hakikisha mtu mmoja anapiga picha ya fundo la kitenge kila mnapopumzika. Fundo likihama kutoka bega la kulia hadi la kushoto katikati ya onyesho, wanawake wote ukumbini wataliona kabla yako.

Hatua ya saba: mwanga, upepo na ratiba

Jua la Kigoma huzama karibu na saa moja jioni, dakika arobaini hivi baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa hiyo ratiba uliyoizoea kule itakudanganya huku. Kibirizi inatazama magharibi: asubuhi mwanga hutoka nyuma ya vilima na kuufikia ufuo ukiwa laini, jioni hutoka juu ya maji na kuwapiga watu usoni. Vichanja vipigwe picha asubuhi. Kuondoka kwa maboti kupigwe jioni, na ujue unayo nafasi moja kila siku, kwa sababu hakuna mvuvi atakayerudi ufuoni ili wewe urudie shoti.

Giza huingia upesi. Usiku wa taa za dagaa, zile zinazoonekana kwa mbali kama mji juu ya maji, simu haiwezi kuzikamata pamoja na uso wa mtu isipokuwa katika dakika ishirini za kwanza baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado na buluu. Mweke mama Zawadi mlangoni saa hiyo, taa ya ndani ikimgusa shavu, na usiombe zaidi ya hapo. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa herzi 50 na taa za ndani zinaweza kutetemeka kwenye picha ukiweka vinginevyo. Funga fokasi na mwanga kwa mkono. Simu inayojirekebisha yenyewe katikati ya onyesho humfanya mwigizaji aonekane anapumua pamoja na ukuta.

Upepo ndio uliowahi kuniadhibu. Katika kazi yangu ya kwanza tulirekodi mazungumzo yote ya ufukweni alasiri ya mwezi wa Julai, picha zikatoka kama kioo, na nyumbani tukakuta tumerekodi turubai likipigwa na upepo kwa saa mbili. Tangu hapo mazungumzo ya ufukweni huyamaliza kabla ya saa nne asubuhi, maikrofoni ndogo huibandika chini ya kitambaa cha kifua na kuivisha manyoya, na kabla ya kuhama mahali popote huwanyamazisha wote kwa sekunde sitini ili nirekodi ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa Kibirizi una injini moja ya mbali, kunguru, na maji. Utauhitaji kwenye meza ya uhariri kuliko muziki wowote.

Hatua ya nane: kipimo

Onyesho la kupima nimeliwekea hatua yake kwa sababu huharibiwa kuliko yote. Kipimo cha mkojo kinachouzwa famasi huonyesha mstari mmoja wa uthibitisho kwamba kimefanya kazi, na wa pili ikiwa kuna mimba, ndani ya dakika chache. Kwa ajili ya kamera, chora mstari wa pili kwa kalamu nyekundu yenye ncha nyembamba, uwe umefifia, maana wakati mwingine ndivyo unavyotoka. Kisha usiuonyeshe. Piga chooni kwa nje, mlango wa bati, kopo la maji limesimama chini, na mtoto aliyewekwa kwenye beseni akicheza na kifuniko. Shika shoti hiyo bila kukata mpaka mlango ufunguke. Kama mwigizaji wako ni mzuri, mtazamaji atayasoma majibu katika namna anavyookota kopo.

Hatua ya tisa: uhariri na onyesho la majaribio

Kata toleo la kwanza bila muziki. Keti na jedwali lako la siri mbele yako, na katika kila onyesho jiulize kama uso ulioko kwenye skrini ni wa anayejua au wa asiyejua. Ninapokuwa na shaka humwonyesha anayesikiliza badala ya anayesema, hasa kuanzia onyesho la sita, ambapo mume anajifanya hajui na kila sentensi ya mkewe kuhusu uchovu inamgonga mahali ambapo yeye mke hapaoni. Katika onyesho la nane mume anasema tu, akiwa amempa kisogo, kwamba kesho hataenda ziwani, ana safari ya kliniki. Kata hapo. Nilijaribu kuongeza sekunde kumi za uso wa mke, zikaharibu yote.

Kabla ya kuipeleka Bodi, na kabla ya kufikiria tamasha kama ZIFF la Zanzibar ambalo hupokea filamu fupi, ionyeshe kwa watu waliokuazima vichanja vyao. Usiwaulize kama wameipenda, maana watasema ndiyo. Waulize ni wakati gani walitambua kwamba baba Zawadi anajua. Wakitaja onyesho la tano, umemwonyesha mapema mno. Wakitaja la nane, onyesho la sita halikusikika na pengine tatizo ni sauti. Panga shughuli hiyo siku za mbalamwezi, wanaume wakiwa nchi kavu, ila iwe ndani ya banda lililoezekwa, kwa sababu mwezi wa Kigoma ukiwa mpevu hufuta shuka la kuonyeshea kama taa.

Wanaume na wanawake watakaa pande mbili tofauti. Wewe kaa nyuma, usitazame filamu, tazama ni upande gani unacheka mama mkwe anapouliza kama ni meno ya juu au ya chini.